Kreti la mama na ngazi ya Prado

Kwa miaka mitatu nyuma ya kiti cha Prado yetu palikaa kreti tupu la soda. Mama akitoka kanisani Tukuyu, kreti linashushwa, linapinduliwa, naye anapanda huku mkono mmoja umeshika kitenge na mwingine bega langu. Siku tuliyolisahau nyumbani, alilitazama gari kutoka chini hadi juu, akaniuliza: "Mwanangu, hili ulininunulia mimi au ulimnunulia twiga?"

Ndipo nilipoanza kutafuta vikanyagio vya pembeni.

Nilianza kwa kukosea. Nilichagua kwa macho, nikavutiwa na bomba la duara linalong'aa kama lile la mashangingi ya wakubwa. Lakini masika ya Rungwe hayana habari na mng'ao. Kiatu chenye tope juu ya bomba jembamba ni sawa na kukanyaga ganda la ndizi, na Tukuyu maganda ya ndizi hatujawahi kupungukiwa. Mama anahitaji ubao bapa, wayo wote ukae, juu una mpira uliokwaruzwa au matundu ya kupitishia tope.

Urefu nao usipimwe kwa futi. Msimamishe mwenye goti bovu kuliko wote nyumbani, apande na kushuka mara tatu. Kikanyagio kikiwa juu mno hakijamsaidia. Kikining'inia mno, kinakula nafasi iliyo chini ya gari. Prado hii ya kuanzia 2009 ina karibu sentimita 22 tu kutoka tumboni hadi ardhini, na ikivuka tuta kali au ukingo wa korongo, pembeni ndiko kunakogonga.

Shemeji yangu wa Iringa, anayezungusha wageni Hifadhi ya Ruaha, aling'oa vya kwake kabisa. Akafunga mabomba mazito ya chuma yanayoshikwa na chasisi, ambayo gari linaweza kuyaegemea kwenye jiwe. Nilipomwonyesha vyangu alicheka: "Kamwene, shemeji! Hivyo ni vya kupandia watu, usije ukaviwekea jeki."

Kwenye kufunga ndiko pesa hupotea. Chasisi ya Prado huwa na matundu ya kiwandani, na vishikizo vilivyotengenezwa kwa gari hilo huyafuata. Fundi mwenye haraka hukimbilia drili au mashine ya kuchomelea. Mkatalie. Kandokando ya chasisi hupita mabomba ya mafuta na ya breki pamoja na nyaya, na kila tundu jipya ni mlango wa kutu. Kwenye RAV4 au Harrier uangalifu uzidi, maana hazina chasisi ya kujitegemea. Bodi yenyewe ndiyo uti wa mgongo, na kuichomelea chini ya milango ni kuidhoofisha.

Kabla nati hazijakazwa kabisa, fungua milango yote uone kama haigusi. Kisha toa jeki, uiweke mahali pake. Mlima Kitonga, malori yakikupita kwa kishindo na tairi limelala, si mahali pa kugundua kwamba kikanyagio kimeziba sehemu ya kuinulia gari. Mimi jeki niliikumbuka, nikasahau kukagua nati. Tulipokaribia Makambako ukaanza mlio kama wa kijiko ndani ya kikombe. Nati mbili zilikuwa zimelegea, hazina hata washa, na fundi aliyezifunga simu yake ilikuwa haipatikani. Siku hizi spana ya saizi ile haitoki garini, na kila nikirudi kutoka Iringa naingia chini ya gari kabla ya kuoga.

Mama anapanda mwenyewe sasa. Kreti bado limo nyuma ya kiti. Tukisimama njiani kununua mahindi ya kuchoma, hulikalia.