Breki ya mbele inalegea? Kagua paipu ya mafuta kabla ya kushuka mlima

Msikilizaji wetu mmoja wa Matamba, wilayani Makete, ana pikipiki ya zamani aliyoachiwa na baba yake. Alitupigia simu akisema: "Nikianza kushuka kwenda Chimala breki ya mbele inashika. Nikifika katikati ya kona, mkono wa breki unaingia mpaka unagusa usukani." Alishaongeza mafuta ya breki mara mbili na hali ni ile ile.

Tulilipeleka swali lake kwa mafundi, na haya ndiyo tuliyojifunza. Yanahusu pikipiki zenye breki ya diski inayotumia mafuta. Kama yako inavutwa na waya, hayakuhusu.

Ukibana mkono wa breki, unasukuma mafuta yapite kwenye paipu hadi kwenye kalipa, yaani kile kifaa kinachobana diski. Honda CB750 ya mwaka 1969 ndiyo iliyoufanya mfumo huu ujulikane kwenye pikipiki zinazouzwa kwa wingi. Tangu wakati huo, pikipiki nyingi zimetoka kiwandani zikiwa na paipu ya mpira.

Mpira huzeeka hata kama pikipiki imelala ghalani. Paipu ikichoka, kila ukibana breki inavimba kidogo, na nguvu ya vidole vyako inaishia kwenye kuvimba huko badala ya kufika kwenye diski. Wakati mwingine mpira hubomoka kwa ndani na kuziba njia. Hapo unaachia breki lakini gurudumu linaendelea kubanwa.

Mafuta ya breki nayo huvuta unyevu wa hewani. Mafuta ya DOT 4 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Yakishaingiwa na maji, yanaweza kuchemka kwenye nyuzi 155 tu. Kwenye mteremko mrefu yanachemka na kutoa mvuke, na mvuke hubonyea. Ndiyo maana breki ya msikilizaji wetu inashika juu ya mlima na kupotea katikati.

Dawa ni kubadilisha paipu na mafuta kwa pamoja. Paipu bora ni ile iliyofunikwa kwa nyuzi za chuma zilizosukwa, kwa sababu haivimbi ovyo. Kama bei inakushinda, paipu mpya ya mpira ya pikipiki yako ni salama kuliko ya zamani. Usiunganishe kipande cha paipu ya petroli wala cha bomba la kupulizia dawa shambani. Presha ya breki itakipasua.

Ukienda kwa fundi, simamia mambo haya:

1. Urefu. Zungusheni usukani hadi mwisho kulia na kushoto, kisha nyanyueni gurudumu la mbele lining'inie. Paipu isivutike popote.

2. Washa za shaba. Kila ncha ya paipu inataka mbili, moja kila upande, na ziwe mpya. Za zamani zimeshabonyea na zinaweza kuvujisha.

3. Msuguano. Nyuzi za chuma hukata kama msasa. Paipu ifungwe vizuri isisugue madigadi, nyaya wala tairi.

4. Swichi ya taa. Kwenye baadhi ya pikipiki za zamani, swichi ya taa ya breki imefungwa kwenye kiungio cha paipu. Kiungio kikiondolewa, hakikisha swichi imepata mahali pengine, la sivyo anayekufuata nyuma hataona kuwa unasimama.

5. Mafuta. Soma kifuniko cha kikombe cha mafuta ya breki ujue kama ni DOT 3 au DOT 4, na nunua chupa ambayo haijafunguliwa. Usiweke mafuta ya injini wala dizeli, kwani yanaharibu raba za ndani. Mafuta ya breki yakimwagikia tangi, mwaga maji haraka, yanakula rangi.

6. Kutoa upepo. Mmoja anabana mkono wa breki na kuushikilia. Mwingine analegeza nati ndogo ya kalipa, mafuta na mapovu yanatoka, anaikaza, ndipo wa kwanza anaachia. Rudieni hadi mapovu yaishe, na kikombe kisikauke. Kikikauka, upepo unaingia upya na mnaanza mwanzo.

Kazi ikiisha, usipande kwanza. Bana breki kwa nguvu na uhesabu polepole hadi 30. Mkono ukizidi kuingia, kuna mahali panavuja au upepo umebaki. Ukibaki mgumu, kagua viungio kwa kitambaa kikavu, kisha jaribu mahali tambarare kwa mwendo mdogo, bila abiria. Mara ya kwanza bana taratibu, maana breki sasa itashika mapema kuliko ulivyozoea.

Kwa ndugu yetu wa Matamba, na wengine wenye tatizo kama hilo: kuongeza mafuta juu ya mafuta machafu hakutibu paipu iliyochoka. Mpaka itakapobadilishwa, iacheni pikipiki nyumbani na msimpakie mtu kushuka mlima. Abiria wako haoni mkono wa breki ukiingia. Anayejua ni wewe peke yako.