Minji Ikikataa, Tung'oe Mzizi Kwanza

Mwaka 2022 tuliitwa na kikundi kimoja cha akina mama huku Kinangop. Minji ya shamba la kikundi ilikuwa imekataa, mkopo wa mbegu haujalipwa, na wanachama walikuwa karibu kumtoa mwekahazina. Walisema ati alinunua mbegu mbaya ili abaki na pesa.

Sisi tuliomba twende shambani kwanza. Tuling'oa mimea michache iliyonyauka, tukakuta mizizi ni myeusi na imeoza. Tukauliza, hapa mlipanda nini msimu uliopita? Minji. Na kabla ya hapo? Minji. Na kabla ya hiyo? Maharagwe.

Basi shida ilikuwa hapo. Ugonjwa wa kuoza mizizi hubaki udongoni, na huongezeka kila mnaporudisha minji mahali pamoja. Maharagwe nayo huweza kuutunza. Kipande kama hicho kipumzishwe minji miaka 3 au 4, mpande viazi, kabichi au mahindi. Maji yakisimama hali huwa mbaya zaidi, kwa hivyo penye tambarare pandeni juu ya matuta.

Tena walipoona majani ya manjano, waliongeza CAN mara mbili. Hiyo ni pesa ya bure. Minji, kama maharagwe, hujipatia naitrojeni kwa vile vinundu vya mizizini. Pasueni kimoja: kikiwa na rangi ya waridi ndani, kinafanya kazi. CAN ikizidi mtapata majani mengi na maganda machache. Wekeni samadi iliyooza vizuri na TSP wakati wa kupanda, mchanganye na udongo ili mbolea isiguse mbegu.

Nafasi iwe sentimita 45 hadi 60 kati ya mistari, na 5 hadi 10 kati ya mbegu. Ile inayopanda juu isimamishiwe fito mapema, kwa sababu ikilala chini maganda huoza. Na kama mnauza ikiwa mbichi, chumeni kila baada ya siku chache. Maganda yakikomaa shinani, mmea huacha kutoa maua.

Tuliporudi chini ya mti kumaliza mkutano, mwekahazina alitoa risiti ya mbegu kwenye kitambaa chake. Alikuwa nayo siku zote. Hakuna mtu aliyekuwa amemwomba aionyeshe.