Sita na Watano

Leo naanza na wizi.

Oktoba 2000, mjini Sydney, Australia, timu ya mpira wa kikapu ya Hispania ilitwaa medali ya dhahabu kwenye Michezo ya Paralimpiki, ile ya wanamichezo wenye ulemavu. Mashindano yale ya kikapu yalikuwa ya wachezaji wenye ulemavu wa akili, yaani watu ambao kujifunza, kukumbuka na kupanga mambo huwachukua muda mrefu kuliko wenzao. Fainali Hispania waliwachapa Urusi, wakavishwa medali, wakapanda ndege kurudi kwao. Wiki chache baadaye mmoja wa wachezaji wale, Carlos Ribagorda, akaandika makala kwenye jarida. Kumbe alikuwa mwandishi wa habari. Kumbe hakuwa na ulemavu wowote, wala hakuna aliyewahi kumpima akili. Na kumbe katika kikosi kizima cha watu 12, wenye ulemavu wa akili walikuwa wawili tu!

Medali zikarudishwa. Najua mtasema safi, wamekomeshwa. Ngojeni kwanza. Wale wawili wa kweli nao walinyang'anywa za kwao, na hawakumdanganya mtu. Halafu wakubwa wa Paralimpiki, walipoona hawana kipimo cha kuaminika cha kumjua nani ana ulemavu wa akili na nani anajifanya, waliwafungia mlango wanamichezo wote wa kundi hilo, dunia nzima. Athens 2004 hawakushindania medali. Beijing 2008 hawakuwepo. Muogeleaji aliyekuwa na miaka 18 mwaka ule wa Sydney alifunguliwa mlango tena London, 2012, akiwa na miaka 30. Nguvu za ujana zilishapita akiwa nyumbani. Tena waliorudi ni wa riadha, kuogelea na tenisi ya meza peke yake. Mpira wa kikapu wao, hata Paris 2024, haukuwepo.

Huo ni wizi ambao kila mtu anauona. Upo mwingine, na huu unafanywa na watu wazuri kabisa, kwenye viwanja vyetu vya vumbi.

Mnakijua kiwanja cha chandimu: mawe mawili huku, mawe mawili kule, na pembeni mtaro. Karibu na mtaro amekaa kijana ambaye kila siku yupo, ila hachezi. Ana ulemavu wa akili. Kazi yake ni kuokota mpira ukitumbukia. Siku moja mtu mzima anapita, anasema, "Jamani, mchezesheni na mwenzenu." Basi anaingizwa. Anapewa mpira. Ghafla beki wa upande wa pili anajikwaa pasipo na kitu. Wa pili anajifanya kufunga kamba za viatu, na viatu vyenyewe ni vya plastiki. Kipa anaruka kushoto, mpira unapita kulia polepole. Goli! Wote wanapiga makofi, mtu mzima anaondoka ameridhika, na dakika kumi zinazofuata hakuna anayempa yule kijana pasi hata moja.

Nimemwona mmoja aliyefanyiwa hivyo. Hakushangilia. Aliufuata mpira mwenyewe nyuma ya yale mawe, akamrudishia kipa, akamwambia, "Daka." Tafadhalini mlishike neno hilo, maana hadithi yangu yote imo humo. Alitaka kipa adake.

Sasa, mechi ya kweli inapatikanaje, isiyo ya kuiba wala ya kuachiana? Aliyehangaika na swali hili mpaka dunia ikamsikia ni mama mmoja wa Marekani, Eunice Kennedy Shriver. Kwao walizaliwa tisa. Kaka yake John alikuja kuwa rais wa nchi. Lakini dada yao mkubwa, Rosemary, alizaliwa 1918 na alikuwa mzito wa kujifunza. Utotoni Eunice na Rosemary waliogelea pamoja na kupanda mashua pamoja. Mwaka 1941, Rosemary akiwa na miaka 23, baba yao alikubali apasuliwe ubongo, upasuaji ambao madaktari wa wakati ule waliusifia kwamba ungemtuliza. Ulimharibu. Alibaki hawezi kutembea vizuri wala kuongea vizuri, akapelekwa kuishi mbali, na kwa miaka mingi jamaa wale maarufu hawakumtaja hadharani. Eunice ndiye aliyevunja ukimya huo: 1962 aliandika waziwazi kwenye jarida kuhusu dada yake.

Mwaka huohuo alifungua uwanja wa nyumba yake, jimbo la Maryland, ukawa kambi ya watoto wenye ulemavu wa akili wakati wa kiangazi. Kulikuwa na bwawa, farasi, mipira. Aliwaita vijana wa sekondari waje kuwa viongozi wa watoto hao. Watu walimwambia wataumia, watazama, watapotea. Kumbukeni zama zile wengi waliamini watoto kama hawa miili yao ni dhaifu kwa asili. Mtafiti mmoja wa Kanada, Frank Hayden, aliwapima watoto wenye ulemavu wa akili akakuta kweli wako nyuma kwa nguvu na pumzi. Ila alipochunguza sababu, aliona chanzo ni kukaa. Hakuna aliyewahi kuwaambia wakimbie! Walipopewa mazoezi, miili ikaitika.

Huko Chicago nako mwalimu wa michezo wa viwanja vya jiji, Anne Burke, alikuwa na wazo la mashindano ya riadha kwa watoto wa namna hiyo. Mawazo yakakutana. Tarehe 20 Julai 1968, kwenye uwanja mkubwa wa Soldier Field, wanamichezo wapatao 1,000 kutoka Marekani na Kanada waliandamana kwenye ufunguzi wa mashindano ya kwanza ya Special Olympics. Majukwaa yalikuwa karibu matupu. (Mwaka mmoja baadaye, tarehe ileile, binadamu alitua mwezini, na siku hiyo mamilioni ya watu walikuwa kwenye televisheni. Mimi ningeipa ile ya Chicago nayo nafasi yake.) Wanamichezo walikula kiapo ambacho mpaka leo bado kinatumika: wanaomba washinde, na wasiposhinda, basi wawe wamejaribu kwa ushujaa. Angalieni mpangilio wake. Kushinda kumetajwa kwanza.

Msichanganye mambo mawili. Paralimpiki hutafuta aliye bora duniani. Special Olympics inampokea yeyote mwenye ulemavu wa akili kuanzia miaka 8 anayetaka kushindana, hodari na asiye hodari. Ndiyo maana ilibidi wabuni namna ya kuwapanga. Kabla ya fainali kuna mchujo. Wanaokimbia wanapimwa muda, kisha wanawekwa pamoja wa jinsia moja, wa umri unaokaribiana, na wenye kasi inayokaribiana. Mwongozo wao ni kwamba tofauti kati ya wa kwanza na wa mwisho kwenye kundi isizidi kama asilimia 15. Pigeni hesabu: mwenye kasi zaidi akitumia sekunde 20, wa mwisho awe ametumia 23 au chini ya hapo. Mwenye sekunde 40 ana kundi lake, na humo anaweza kupata dhahabu inayong'aa sawasawa na ile nyingine. Kundi moja halizidi wanane, na kuanzia nafasi ya nne hadi ya nane wanavishwa utepe.

Mjanja atauliza: je, nikijikokota kwenye mchujo ili nipangwe na wanyonge? Wamelifikiria hilo. Kanuni inamtaka kila mtu atoe nguvu zake zote tangu mchujo, na anayegundulika kujificha anaweza kuondolewa. Kwa timu, zinachezwa kwanza mechi fupifupi huku wasimamizi wakitazama nani anamudu nini, halafu ndipo timu zinapangwa. Wezi wa Sydney wangepata shida hapa.

Mimi ninayoipenda zaidi ni njia ya pili, iliyoanzia Marekani miaka ya 1980. Inaitwa michezo jumuishi. Timu moja ina wachezaji wenye ulemavu wa akili na wasio nao, na hawa wasio nao wanaitwa wenza. Kwenye soka ya watu 11, uwanjani wanakuwa sita wenye ulemavu na wenza watano. Soka ya watu watano, watatu kwa wawili. Kikapu hivyohivyo, watatu kwa wawili. Wavu ni watatu kwa watatu. Hata wale sita wakipungua kwa majeraha, haingizwi mwenza wa sita kuziba pengo.

Kwa nini sita na watano, na si kinyume chake? Fanyeni majaribio kichwani. Wenza wakiwa wengi, watagongeana pasi wao kwa wao, na wale wengine watarudi kuwa watazamaji, safari hii wakiwa wamevaa jezi. Wakiwa wachache, ni vigumu mpira kutoka langoni mpaka lango la pili bila kupita kwa wale sita. Mwenza asipompa pasi mwenzake, anafungwa. Hapo hakuna anayepasiwa kwa sababu anaonewa huruma. Anapasiwa kwa sababu yuko wazi na winga mwingine amebanwa. Kanuni pia zinadai wenza na wenzao wawe na umri na uwezo unaokaribiana, ili asiletwe nyota wa ligi akapiga chenga saba na kufunga peke yake. Mwenza wa hivyo makocha hawamtaki. Hata mimi simtaki, hata kwenye timu ya kawaida.

Mazoezi ya timu hizi yanavutia kuyatazama. Kocha wa kawaida hupaza sauti, "Tafuta nafasi! Soma mchezo!" Maneno kama hayo hayashikiki. Mchezaji mwenye ulemavu wa akili mwambie kitu kinachoonekana: "Mfuate huyu mwenye vesti nyekundu." Kurusha mpira wa pembeni hukatwa vipandevipande. Shika kwa mikono miwili. Peleka nyuma ya kichwa. Miguu yote chini. Rusha. Kocha anaonyesha, mchezaji anarudia, kocha anaonyesha tena, kesho wanaanza upya palepale. Wenza wengi huchoka siku ya tatu. Halafu siku moja katikati ya mechi mpira unatoka nje, kijana anaukimbilia, mikono miwili, nyuma ya kichwa, miguu chini, na unamfikia mwenye vesti nyekundu kifuani. Refa hapulizi kitu.

Mambo ya afya niyapitie haraka, ila hili moja mlikumbuke. Kwenye mashindano ya Special Olympics madaktari hupima bure macho, masikio na meno. Mara nyingi anapatikana mchezaji ambaye miaka yote ameitwa mbishi au haelewi, kumbe hasikii vizuri, au mpira hauoni mpaka ufike miguuni. Anapewa miwani, na kocha anapata mchezaji mpya. Na mwenye hali ya Down, mojawapo ya hali za kuzaliwa nazo zinazoleta ulemavu wa akili, akaguliwe shingo na daktari kabla ya kupiga mipira ya kichwa, maana kwa baadhi yao maungio ya mifupa ya juu ya shingo yamelegea sana.

Kwetu Afrika Mashariki programu hizi zipo: Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda. Kule Congo alitoka yule jitu wa kikapu, Dikembe Mutombo, mzaliwa wa Kinshasa, aliyezuia mipira mingi ya wakubwa wa NBA, ligi ya kikapu ya Marekani. Mpaka alipofariki 2024 alikuwa mtu wa Special Olympics, na alicheza kikapu pamoja na wanamichezo hawa. Mashindano ya dunia ya kiangazi yalifanyika Abu Dhabi 2019, kisha Berlin 2023, ambako walifika wanamichezo wapatao 7,000. Yajayo ya kiangazi yamepangwa Santiago, Chile, 2027. Ila Santiago ni mbali na nauli ni kubwa. Shule nyingi za msingi zina kitengo maalumu cha wanafunzi hawa ndani ya uzio uleule mnaosomea nyinyi, na saa ya michezo ikifika wao hubaki kwenye kivuli cha mwembe. Nendeni mkamwombe mwalimu wao. Anzeni na watano kwa watano: watatu wao, wawili nyinyi. Mpira mmoja unatosha.

Mkipungukiwa wakimbiaji, upo mchezo unaoitwa bocce. Kila upande una mipira minne mizito. Unarushwa kwanza mpira mmoja mdogo, halafu kila mmoja anaviringisha wa kwake ukaukaribie ule mdogo. Unaweza kuchezwa wawiliwawili, mmoja mwenye ulemavu na mwenza wake. Msidhani ni mwepesi. Nimewaona vijana wenye mbwembwe wakitolewa jasho na msichana asiyeongea zaidi ya maneno mawili, mwenye mkono usiotetemeka.

Jambo la mwisho mtakaloniuliza ni kadi. Kadi ni zilezile. Mchezaji mwenye ulemavu wa akili akicheza rafu mbaya, njano. Akirudia, nje. Atalia, pengine atavua jezi na kuitupa, na mama yake aliye pembeni atawatazama. Msimwombee msamaha kwa refa. Mpeni maji, akae benchi, mechi iendelee.