Bili ya Ajali Isisubiri Hukumu

Ajali ya gari nchini Kenya humletea majeruhi hesabu mbili zinazokwenda kwa mwendo tofauti. Bili ya hospitali huanza pale tu anaposhushwa kwenye ambulensi: eksirei na CT skani, damu, upasuaji, vyuma vya kuungia mifupa, kitanda cha kila usiku na, ikiwa kichwa kimeumia, chumba cha wagonjwa mahututi. Fidia ya bima nayo husubiri abstrakti ya polisi, ripoti ya daktari, barua za mawakili na, wasipoelewana, hukumu ya mahakama. Hospitali inadai leo. Bima italipa miaka ijayo, ikilipa. Pengo hilo limetokana na jinsi sheria ilivyopangwa, na sheria hiyohiyo inaweza kuliziba: bima ya gari ilipe hospitali kwanza, swali la nani mwenye makosa lifuate baadaye.

Chini ya Sura ya 405 ya Sheria za Kenya, kila gari lazima liwe na bima ambayo madereva huiita thadi pati. Humlinda abiria wa gari la kulipia na mtu aliyegongwa, dereva mwenyewe hayumo hesabuni, na kikomo chake kwa mtu mmoja ni shilingi milioni 3. Lakini ili ilipe, lazima uzembe wa dereva uthibitike. Ikionekana mtembea kwa miguu naye alichangia kosa, fidia yake hukatwa kwa kiasi hicho. Siku ya ajali hakuna anayejua uzembe ni wa nani, kwa hiyo mhasibu wa hospitali humtazama aliye karibu, yaani mgonjwa na jamaa zake. Ndipo ukoo unapofungua kundi la WhatsApp, harambee inaitishwa, ng'ombe anauzwa na hati ya shamba inatolewa dhamana, wakati kwenye kioo cha gari lililomgonga pamebandikwa stika halali ya bima.

Huenda msomaji akasema Katiba imekwisha kulitatua hili. Kweli, Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Hata hivyo, Oktoba 2015, mtu aliyegongwa na gari alikaa ndani ya ambulensi jijini Nairobi takriban saa 18 akitafutiwa kitanda cha mahututi, na hatimaye akafariki. Miaka miwili baadaye Sheria ya Afya ya 2017 ikaweka faini isiyozidi shilingi milioni 3 kwa hospitali inayokataa kutoa huduma ya dharura ilhali ina uwezo. Faini hiyo inailazimisha hospitali ifungue mlango, ila haisemi nani atalipa mgonjwa akishapata nafuu. Matokeo yake yanajulikana: mgonjwa amepona lakini hatoki. Mwaka 2015 Mahakama Kuu, katika kesi ya akina mama wawili waliozuiliwa Pumwani kwa sababu ya bili, iliamua kwamba kuzuiliwa huko kulivunja haki zao. Hukumu hiyo ilikuwa ya haki, lakini haikulipa bili ya mtu yeyote aliyekuja baadaye. Haki isiyo na mlipaji huishia kuwa deni la mtu mwingine.

Wengine watasema Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, inatosha. Inasaidia, bila shaka, na ina hazina maalumu ya dharura. Lakini fedha zake hutokana na asilimia 2.75 ya mapato ya wanachama pamoja na kodi ya wananchi. SHA ikibeba bili ya ajali bila kuidai bima, mama mboga asiye na gari anamlipia mwenye gari hatari ambayo tayari imekatiwa bima. Na watembea kwa miguu ndio wengi zaidi miongoni mwa wanaouawa barabarani nchini.

Pingamizi zito zaidi ni la kampuni za bima zenyewe: madai ya uongo ni mengi, na baadhi ya kampuni, kama United Insurance mwaka 2005 na Blue Shield mwaka 2011, ziliwekwa chini ya usimamizi wa kisheria. Hofu hiyo ina msingi. Lakini ulaghai hustawi pale fedha taslimu zinapopita mikononi mwa madalali na mawakili miaka mingi baada ya jeraha. Malipo yanayokwenda moja kwa moja hospitalini, kwa viwango vilivyokubaliwa na vyenye kikomo, ni rahisi zaidi kukaguliwa kuliko hadithi inayosimuliwa kortini. Wala dereva mzembe hatasamehewa: mahakama ya trafiki ipo, na bima mbili zinaweza kudaiana.

Nchi nyingine zimekwisha kujaribu. Uingereza, tangu sheria ya 1999, huipa huduma yake ya afya ya taifa gharama za majeruhi wa barabarani kutoka kwa bima iliyolipa fidia, kwa viwango maalumu, mgonjwa haguswi. Nyuzilandi tangu 1974 humtibu kila majeruhi bila kuuliza nani alikosea, kwa ada za magari na tozo ya petroli. Afrika Kusini nayo ina tozo ya mafuta, lakini mfuko wake bado unadai kosa lithibitishwe. Sehemu kubwa ya fedha huishia kwenye mashauri, na mfuko umezama katika madeni. Fundisho ni kwamba kuongeza fedha bila kuondoa ugomvi wa kosa ni kujaza gunia lililotoboka.

Hadi Bunge litakapobadilisha Sura ya 405, majeruhi wa Kenya ajue mambo mawili. Kesi ya fidia ifunguliwe ndani ya miaka mitatu tangu siku ya ajali. Na mahakama hurejesha gharama za matibabu zilizothibitishwa tu. Kwa hiyo kila risiti, hata ya bandeji, iwekwe.