Memwari ya serveri imekwisha, lakini nani ameikula?

Hii ni kwa wafinalisti wa informatike na wale wameshaanza kazi ya kulinda serveri. Tunasema memwari ya masini, si ile memwari unaandika ili umalize masomo, hata kama zote mbili zinaumiza kichwa.

Kuko fumbo moja lenye kurudia sana kwenye Linux. Unapiga free -m, unaona memwari karibu yote imetumika. Unafungua top, unajumlisha programu moja kwa moja: hazifiki hata nusu. Sasa zingine zimeenda wapi? Wengi hapo wanazima masini na kuiwasha, ao wanaomba chef akodi serveri kubwa zaidi, kwa dolari, kila mwezi. Kisha siku chache, ni yaleyale.

Tuchukue kisa kinachojulikana, cha curl kwenye Red Hat na CentOS 6. Ni kakomandi kadogo tu. Mtu anaiweka ndani ya cron, kila dakika iulize kama site ya https ingali hai. Nani ataishuku? Inaishi sekunde moja, inakufa, na memwari yake inarudi yote. Njo maana top haioni kitu. Mzigo uko ndani ya kerneli yenyewe.

Kwa hiyo fungua /proc/meminfo, tafuta mustari wa Slab. Ukikuta giga nyingi pale, piga slabtop -s c. Katika kisa hiki, jina la juu kabisa ni dentry.

Dentry ni nini? Kila mara programu inatafuta fishie, kerneli inaandika jina lake ili kesho ijibu haraka. Inaandika hata majina yasiyopatikana, sawa karani wa gishe mwenye kuandika pembeni "huyu hayuko kwetu", asirudie kufungua rejista. Ni akili nzuri. Lakini mtu akija kila dakika na majina elfu kumi ya watu wasiozaliwa, kitabu kitajaa.

Na curl ilifanya vile kabisa. Iendeshe chini ya strace, utaona maelfu ya maulizo kuhusu fishie za /etc/pki/nssdb zenye jina la kuishia na _dOeSnotExist_.db. Wale walioandika NSS, maktaba ya usalama ambayo curl ilitumia pale, walitaka kujua kama folda ya vyeti iko kwenye diski ya karibu ao kwenye rezo. Basi wanaipima kwa kuuliza fishie zisizokuwako, hata mara 10,000, na kila curl mpya inakuja na majina mapya. Dentry moja ni bayiti 192. Piga hesabu: karibu mega 1.9 kwa curl moja, na siku iko na dakika 1,440. Inaweza kufika giga 2.7 kwa siku!

Kuhakikisha ni rahisi: soma namba ya kwanza ya /proc/sys/fs/dentry-state, endesha curl mara moja, soma tena.

Dawa: sasisha nss-softokn, kwa sababu matoleo ya kale hayakutii, kisha weka export NSS_SDB_USE_CACHE=yes ndani ya skripti ya cron. Kusafisha yaliyojaa, root anaandika 2 ndani ya /proc/sys/vm/drop_caches. Wengine wanaweka hiyo ya mwisho peke yake kila usiku. Ni kupangusa maji bila kufunga robine.

Lakini angalia vizuri kabla ya kushtuka. Chini ya Slab kuko mistari miwili. SReclaimable, ambamo dentry zinahesabiwa, kerneli inaweza kuirudisha yenyewe programu zikihitaji nafasi, ingawa kufuta mamilioni kwa mara moja kunaweza kukwamisha masini. Kama inayopanda kila siku ni SUnreclaim, basi curl haina kosa, na drop_caches haitasaidia: tafuta kwenye drayva ao moduli ya kerneli.