Kompyuta ya mtoto: Amua ibebe nini kabla fundi hajaanza kazi

Tabora. Mzazi akipeleka kompyuta ya mezani kwa fundi kupigwa Windows upya, mazungumzo huwa ya bei na siku ya kuichukua. Programu zipi ziwemo ndani, hilo huachiwa fundi. Mtoto akiiwasha nyumbani, hutumia kile anachokikuta.

Mchezo wa karata wa Solitaire ulianza kuja na Windows mwaka 1990, nao uliwasaidia watu kuzoea mausi. Wengi waliujua kwa sababu moja: waliukuta tayari umo.

Hata watengenezaji huumiza vichwa juu ya jambo hili. Ubuntu, mfumo endeshi wa bure ulioanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, kwa miaka mingi ulipaswa kutosha kwenye CD moja ya MB 700. Mwaka 2010 uliiacha GIMP, programu ya kuhariri picha, kwa hoja kwamba ni nzito na ngumu kwa mtumiaji wa kawaida.

Oktoba 2023, toleo la 23.10 lilipunguza zaidi. Usakinishaji wa kawaida ulibaki na kivinjari na zana chache. LibreOffice, ambayo hutumika kuandikia na kupigia hesabu, ilihamia kwenye chaguo la usakinishaji kamili.

Hoja ni kwamba anayehitaji programu ataipakua. Hilo linamfaa mwenye intaneti ya uhakika. Kwa familia ya Isevya au Kitete inayotegemea bando la simu, kisichokuwemo siku ya kwanza kinaweza kisiingie kabisa.

Wapagazi wa Kinyamwezi waliotoka Tabora kwenda Bagamoyo karne ya 19 waliijua hesabu hii. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa takribani kilo 30, na safari ilichukua hata miezi mitatu. Kupakia ovyo kulimchosha mbebaji, lakini kilichosahaulika hakikurudiwa.

Kwa hiyo, mwandikie fundi orodha. Ziwemo programu ya kuandikia, kivinjari na GCompris, yenye mazoezi ya watoto wa miaka 2 hadi 10. Ongeza Kiwix, inayowezesha kusoma Wikipedia ya Kiswahili bila intaneti. Faili zake zinaweza kupakuliwa penye mtandao mzuri na kuletwa kwa flashi. Ukichagua Ubuntu, mwambie aweke usakinishaji kamili.

Mwombe aondoe michezo yenye matangazo, na asiweke programu zilizovunjwa leseni, kwani zinaweza kubeba virusi. Kisha mtoto afunguliwe akaunti yake isiyoruhusu kusakinisha kitu bila nywila ya mzazi.

Afya nayo imo katika hesabu hii. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unataka mtoto wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa moja kwa siku mbele ya kioo akiwa amekaa, na wa miaka 3 hadi 4 alale saa 10 hadi 13. Aliye chini ya miaka 2 asiwekwe mbele ya kioo kabisa.

Orodha nzuri haiwezi kumwambia mtoto muda umekwisha. Kompyuta ikae sebuleni, na mzazi ndiye aizime.