Nyasi za Pretoria

Muuza kahawa wa kijiweni kwetu Temeke ameitunza ile picha kwenye simu tangu Aprili 2024. Ukigusia tu habari za waamuzi, anaweka birika chini, anaifungua, anaikuza kwa vidole viwili, kisha anakuwekea ukucha pale anapotaka utazame: "Hizi hapa nini? Si nyasi?"

Ni nyasi. Shuti la Aziz Ki wa Yanga, kwenye mechi na Sundowns, liligonga mtambaa wa panya pale Loftus Versfeld, Pretoria, mpira ukadunda chini na kurudi uwanjani. Refa Dahane Beida wa Mauritania hakuweka mpira kati. Matokeo mnayajua: suluhu Dar, suluhu Pretoria, Sundowns wakapita kwa penalti 3-2, Yanga wakalalamika CAF.

Mimi nyasi zile zilinikaa kichwani. Kama kijani kinaonekana kati ya mstari na mpira, ubishi unatoka wapi?

Nikampelekea swali hilo mzee mmoja aliyeshika kibendera miaka mingi, huku riziki yake ikiwa uashi. Aliomba nisimtaje jina. Badala ya kujibu alibeba mfuko wake wa zana, tukaenda uwanja wa mchangani ulio nyuma ya kwake. Akachora mstari wa chokaa wenye upana wa sentimita 12, mwisho wa ruhusa ya sheria. Akauweka mpira ng'ambo, upande wa nyavu. Akatoa futi: kutoka ukingo wa chokaa hadi pale mpira ulipogusa vumbi, sentimita 5.

"Goli?"

"Goli, mzee."

Akatoa timazi. Akachuchumaa, akaushika uzi kwa juu na kuusogeza taratibu, kama anayenyoosha kona ya ukuta, mpaka ukaligusa tumbo la mpira. Chuma kikayumba, kikatulia. Kilikuwa kinaning'inia juu ya chokaa.

"Mpira una tumbo, mwanangu. Chini unagusa nukta tu, tumbo liko mbele sentimita 11. Sheria inataka mpira wote uvuke mstari wote, na tumbo lake."

Kisha akanihamisha. Nikisimama upande wa uwanjani, mpira ulionekana umezama ndani. Nikizunguka nyuma ya goli, ukaonekana umeukalia mstari. Hakuna aliyeugusa.

Ubishi wa mstari wa goli si wa Pretoria tu. Goli la Wembley 1966 watu wanalibishania mpaka leo. La Lampard, Bloemfontein 2010, lilikuwa wazi mno lakini likakataliwa, na Kombe la Dunia la 2014 likaja na mitambo ya mstari wa goli. Mechi ya Pretoria, nchi ile ile ya Bloemfontein, ilichezwa bila mitambo hiyo. Kwa nini, kwenye robo fainali ya klabu bingwa Afrika? Mzee alipandisha mabega.

Alitaka tuongelee miguu ya mshika kibendera. "Sisi tunakwenda na mchezaji wa pili kutoka mwisho. Mtu akipiga kutoka mbali, beki yuko huko, na wewe uko huko huko. Unakimbilia mstari, unakuta mpira umeshadunda na kutoka. Halafu uwanja mzima unakutazama mkono."

"Kwa hiyo halikuwa goli?"

"Nimesema hivyo? Nimekwambia nyasi peke yake si shahidi. Timazi yangu haikuwepo kule."

Nikamuuliza timu yake. Akaviringisha uzi mpaka ukaisha ndipo akajibu. "Siku ile nilipanda juu ya kochi nikipiga kelele, goli! goli! Na hesabu hii naijua tangu kozi ya kwanza."

Jioni nilirudi kijiweni na habari za tumbo la mpira. Muuza kahawa alinisikiliza mpaka mwisho, akanijazia kikombe, akafungua simu.

"Haya, nionyeshe. Tumbo liko wapi hapo?"

Niliikuza. Nikaikuza tena, mpaka picha ikavunjika kuwa vipande vya mraba, vyeupe na vya kijani.